Kwa mwanangu aliyeko Tunduma: kuhusu maua ya Kitulo

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Uyole. Sisi huku wazima. Baba yako kifua kimepona na ameshaanza kushinda shambani kwenye viazi vyake. Uliponipigia simu ukanisimulia chikanda unachokula hapo mpakani, kile chakula cha Wazambia cha vijiazi vya porini na karanga, na kwamba kuna rafiki anataka mchange mtaji muanze kununua vijiazi hivyo kwa magunia muwauzie Wazambia, niliitikia tu. Mambo mengine hayaongeleki huku salio linakwisha. Jumamosi sisi wa kikoba chetu cha akiba tulikwenda hifadhi ya Kitulo kuangalia maua, na sasa ninayo ya kukuambia.

Tulishuka Chimala tukakodi gari zinazouweza mlima. Njia ya kupanda Matamba wenyeji wanaiita Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake, na kona zenyewe si za mchezo, hasa ikinyesha. Ukifika juu ukageuka nyuma, bonde lote la Usangu limelala chini yako na majaruba yake ya mpunga. Matamba ndiko zilipo ofisi za hifadhi. Tukalipa kiingilio, tukapewa muongozaji, kijana wa Kikinga mwenye adabu sana, tukaendelea.

Mwanangu, mimi nimezaliwa mkoa huu na nimesikia habari za Kitulo tangu utoto, lakini sikuwa na picha yake kichwani. Ni uwanda ulio juu kiasi cha mita 2,600, nyasi tupu mpaka macho yachoke, na katikati ya nyasi ndiyo hayo maua. Kuna ya njano yametanda mteremko mzima, kuna marefu mekundu juu na njano chini, kuna ya zambarau yanayojificha mpaka uiname. Upepo ni wa baridi kweli, wanawake wote tulijifunga vitenge juu ya masweta. Mbayuwayu wa buluu walikuwa wanapita chini chini juu ya nyasi. Muongozaji alisema huja kuzaa huku wakati wa mvua, na kwamba ni ndege adimu ambao watu hutoka mbali kuja kuwatazama. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu na sikuona aliyebisha.

Ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ndiyo ya kwanza katika Afrika ya kitropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Zimehesabiwa aina kama 350 za mimea, na kati yake 45 ni okidi zinazoota ardhini. Hizo okidi ndizo ninazotaka kukuandikia, maana vijiazi vya chikanda ni vya okidi.

Tulipiga magoti mbele ya moja, ya waridi hafifu, shina moja limepangwa viua vingi kutoka chini hadi juu. Kila kiua kina mikia miwili midogo nyuma, na humo ndani ndimo utamu wanaoufuata wadudu. Mwenyekiti wetu, unamjua asivyo mtu wa kushangaa, alikaa pale mpaka tukamwita.

Mbele kidogo tukakuta shimo. Dogo tu, la upana wa kiganja, udongo mweusi bado mbichi, shina la okidi limetupwa pembeni linanyauka. Muongozaji aliokota kitu kando ya shimo akatuonyesha: kijiazi kilichosinyaa, kimekunjamana. Akatueleza kwamba kila okidi ya aina hii ina viazi viwili. Kimoja ni cha zamani, kinaulisha mmea wa mwaka huu mpaka kiishe. Cha pili ni kipya, kimejaa, na ndicho kitakachotoa ua la mwakani. Mchimbaji anaacha hicho kilichosinyaa na kuchukua kilichojaa. Kwa hiyo anayechimba hapunguzi mmea, anaumaliza.

Nikamuuliza, si utaota mwingine kwa mbegu? Akasema mbegu za okidi ni vumbi tupu, hazina akiba ya chakula ndani, haziwezi kuota mpaka zikutane na aina fulani ya kuvu iliyo kwenye udongo, na hata ikiota inachukua miaka kabla ya kutoa ua. Huwezi kuipanda kama tunavyopanda viazi vya baba yako. Miezi ya kiangazi, Juni na Julai, umande unaganda usiku pale juu, na moto nao hupita kwenye nyasi. Mmea unavumilia yote hayo kwa sababu ya kile kiazi kimoja kilicho chini.

Sasa mwanangu, sisemi vibaya chakula cha watu. Wabemba wa Zambia wamepika chikanda tangu enzi za mabibi zao, kwa karanga zilizotwangwa na magadi na pilipili, na mama aliyekwenda porini na kikapu kwa ajili ya watoto wake simlaumu. Lakini siku hizi kinauzwa mijini kila siku. Okidi za kwao zimepungua, wanunuzi wakavuka mpaka kuja kwetu, na sasa ni magunia. Hebu fikiria gunia moja lina vijiazi vingapi, ukubwa wa kidole gumba kila kimoja, na kila kimoja kilikuwa ua. Tena ndani ya hifadhi kuchimba ni kosa, na okidi za porini kuvushwa mpaka bila kibali ni kosa pia. Huyo rafiki yako hakukwambia hilo, au amekwambia ukanificha.

Nakuomba, hela yako usiitie humo. Ni ombi la mama, silitolei sababu nyingine. Kama mnataka mzigo wa Tunduma, viazi mviringo vya baba yako vipo, na chipsi huko haziishi wateja. Njoo tuongee bei, baba yako atakupa kwa mali kauli mpaka uuze.

Na uje pia uyaone. Maua yanaanza Desemba na kuendelea mpaka Aprili, kwa hiyo muda upo. Mchukue mkeo na yule mdogo, mshuke Chimala asubuhi mapema maana mchana mawingu hufunga huko juu. Mbebe masweta, makoti ya mvua na viatu vya kukanyagia matope. Mtoto mvalishe soksi mbili. Kiingilio cha ninyi watatu nitalipa mimi kwa hela yangu ya mgao wa kikoba, hilo usibishane nami. Muulizieni pale ofisini yule kijana wa Kikinga, anaeleza vizuri.

Mwambie mkeo kitambaa alichoniagiza nimekipata, kipo kwa fundi.

Ni mimi mama yako.