Waigbo wana haki ya kuwalilia wafu wao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu maneno ninayoyasikia mara kwa mara kwa Watanzania wenzangu tunaoishi hapa Houston. Kila ikifika tarehe 30 Mei, Waigbo, watu wa kusini-mashariki mwa Nigeria tunaoishi nao, hukusanyika kuwakumbuka waliokufa katika vita vya Biafra, eneo lao lililojitenga na Nigeria mwaka 1967 na kushindwa mwaka 1970. Na kila mwaka hakosekani mtu wetu wa kusema kwamba hao wanafukua makaburi, kwamba walitaka kuvunja nchi wakashindwa, na msiba wa kujitakia hauambiwi pole.

Maneno hayo yananiuma, na yananiuma zaidi yakitoka kinywani mwa Mtanzania.

Anayesema hivyo aanze na Asaba. Mji huo uko magharibi ya mto Niger, nje kabisa ya eneo lililojitangaza kuwa Biafra, ingawa wenyeji wake ni Waigbo. Oktoba 1967 jeshi la serikali lilipoukamata, wazee waliwahimiza watu watoke kuwapokea askari ili kuonyesha kwamba hawana ugomvi na mtu. Watu wakatoka, wamevaa akwa ocha, nguo zao nyeupe za sherehe, wakicheza na kuimba Nigeria moja. Askari wakawatenga wanaume na vijana wa kiume, wakawaswaga hadi mtaa wa Ogbe-Osowa, wakawamiminia risasi. Walikufa mamia. Kuna familia zilizopoteza baba na watoto wote wa kiume kwa siku moja. Walikuwa wamejitakia nini watu hawa, waliokufa wakiimba umoja?

Sisemi kwamba vita vilianza bila sababu. Mapinduzi ya Januari 1966, ambayo maofisa walioyaongoza wengi walikuwa Waigbo, yaliwaua Waziri Mkuu Abubakar Tafawa Balewa na kiongozi wa Kaskazini, Ahmadu Bello. Lakini kisasi kiliwaangukia Waigbo wa kawaida: wauza duka, makarani wa reli, walimu na wake zao. Mwaka huohuo maelfu waliuawa Kaskazini, na zaidi ya watu milioni moja wakakimbilia Mashariki, wengine wakifika na majeraha ya mapanga. Ojukwu, gavana wa kijeshi wa Mashariki, alipotangaza Biafra tarehe 30 Mei 1967, alikuwa anawatangazia watu waliokwisha kufukuzwa majumbani mwao.

Kilichofuata ni njaa. Serikali iliifungia Biafra njia zote, na Port Harcourt ilipoanguka Mei 1968 hapakubaki hata bandari moja. Chakula cha msaada kiliingia usiku kwa ndege za makanisa kutoka kisiwa cha São Tomé, zikitua Uli, kwenye kipande cha barabara kilichopanuliwa kuwa uwanja, taa zikiwashwa kwa muda mfupi tu ili ndege zisilipuliwe kwa mabomu. Hakikutosha. Makadirio ya waliokufa hadi Januari 1970 yanaanzia nusu milioni na kufika milioni tatu. Walioondoka kwa njaa na maradhi ni wengi kuliko waliopigwa risasi, na watoto ndio waliotangulia, matumbo yamevimba na nywele zimegeuka rangi kwa unyafuzi.

Mwaka jana nilihudhuria kumbukumbu hiyo katika ukumbi wa kanisa. Mzee mmoja alimega kokwa ya kola na kumwaga kinywaji chini kwa ajili ya waliotangulia, padri akaomba, kisha wazee wakaanza kupita mmoja mmoja kwenye kipaza sauti. Hapakuwa na hotuba za siasa. Walikuwa wanataja majina. Mama mmoja aliyevaa nguo za huzuni kwa namna yao, kitambaa cheusi kiunoni na kingine kichwani, alitaja ndugu zake watatu. Wa mwisho alimtaja kwa jina la utani la nyumbani tu, kwa sababu mama huyo mwenyewe alikuwa mdogo mno wakati ule kukumbuka lile la ubatizo, na wazazi ambao wangemwambia nao wamekwisha kufa. Alisema mtoto huyo walimzika kando ya njia wakiwa wanakimbia, na hakuna anayeweza kupaonyesha mahali hapo leo.

Kwao, kama kwetu, maiti hutupiwa udongo na watu wake, na msiba una taratibu zake mpaka matanga yaanuliwe. Watu hawa hawakupata hata siku moja ya kukaa matanga. Nigeria inayo siku ya kitaifa ya kuwaenzi mashujaa wa jeshi, nayo ni tarehe 15 Januari, siku ambayo Biafra ilisalimu amri. Hebu fikiria wewe uliyezika watoto watatu kando ya njia, siku unayopewa ya maombolezo ndiyo hiyo. Jenerali Gowon, mkuu wa serikali ya Nigeria wakati ule, alisema hakuna mshindi wala mshindwa, na naamini wako waliolipokea neno lile kwa moyo safi. Lakini raia waliokufa kwa njaa hawajatengewa siku yao. Ndiyo maana wanaliliwa Houston na London.

Najua wapo wanaoitumia tarehe 30 Mei kudai Biafra mpya, na wapo kule Mashariki wanaowalazimisha watu kufunga maduka kwa vitisho. Hilo silitetei. Wala sipendi kuona Waibibio, Waefik na Waijaw, makabila mengine ya huko, waliokufa katika vita hivyohivyo wakisahaulika kwenye orodha. Yote hayo hayampi mtu ruhusa ya kumnyamazisha mama anayetaja jina la mdogo wake.

Na sisi Watanzania tunapaswa kuwa wa mwisho kuwabeza. Tarehe 13 Aprili 1968 Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa ameunganisha nchi mbili miaka minne tu nyuma yake na kuhubiri umoja wa Afrika kila alikokwenda, alisema kwamba dola ipo kwa ajili ya kuwalinda watu wake, na watu waliokataliwa na dola yao hawawezi kulazimishwa kubaki ndani yake kwa mtutu wa bunduki. Nchi nyingi za Afrika zilimkasirikia. Mtu anaweza kubishana na uamuzi ule, lakini uliamuliwa kwa kuwajali haohao wanaoliliwa leo. Wazee wa Kiigbo hapa wakisikia natoka Tanzania hunishika mkono kwa mikono miwili na kulitaja jina la Mwalimu. Vijana wetu hawajui kwa nini.

Mtoto aliyekuwa na miaka kumi wakati wa njaa ile sasa ana umri wa karibu miaka sabini. Vijana wa Kiigbo waandike majina hayo sasa, pamoja na vijiji na majina ya utani, wangali na wa kuwauliza. Watanzania wenzangu wa Houston waende kuwapa pole. Mlango uko wazi kwa kila mtu. Na kwako, Mhariri, nina ombi moja: Aprili ijayo lichapishe upya tamko la serikali yetu la mwaka 1968, lote, bila kulifupisha, wasomaji walisome wenyewe.

Mtanzania,
Houston, Marekani