Tovuti isiyo na databesi: tunavyoipandisha Grav kwenye seva ya Linux, na mahali inapozingua

Kuna simu tunazipokea sana hapa ofisini. Mteja kaamka, kafungua tovuti ya gesti yake au ya shule, anakuta ukurasa mweupe na kasentensi kamoja ka Kiingereza kanasema imeshindikana kuunganishwa na databesi (ghala la data ambamo tovuti inahifadhi maandishi yake), basi hapo mtu anapaniki anajua kila kitu kimepotea. Mara nyingi wala hakijapotea, ni MySQL, programu inayoendesha databesi, imezimika kwa sababu kaseva ka bei rahisi kameishiwa memori, au mtu kabadilisha paswedi ya databesi akasahau kuibadilisha kwenye wp-config.php, faili la mipangilio la WordPress. Ukiiwasha tena, au ukirekebisha hiyo paswedi, tovuti inarudi. Ila sisi swali letu linabaki palepale: tovuti ina kurasa sita, picha za vyumba, bei na ramani, sasa databesi ya kazi gani?

Ndo maana kazi za aina hiyo siku hizi tunazipeleka kwenye Grav. Ni mfumo wa bure, umeandikwa kwa PHP, hauna databesi kabisa, kila ukurasa ni faili la maandishi ndani ya folda, yaani ukifungua user/pages/01.home unakuta default.md na picha za ukurasa huo zimekaa humo humo. Ile 01 mbele ndo inapanga menyu, ukitaka Bei itangulie Mawasiliano unabadilisha namba ya folda, imeisha. Mipangilio nayo ni mafaili ya YAML, yaani maandishi ya kawaida yaliyopangwa kwa mistari, hata akaunti za watumiaji. Ukihama seva unafunga folda moja, unaipeleka, unaifungua. Waliowahi kuhamisha WordPress wakaanza kuwinda linki za zamani zilizojificha ndani ya databesi wataelewa raha yake.

Sasa tunavyoiweka, maana wapo wateja wenye kijana wao wa IT na wanataka afanye mwenyewe, ruksa kabisa. Tuseme una VPS (seva ya kukodi mtandaoni) yenye Ubuntu 24.04, hiyo inakuja na PHP 8.3, na domeni yako tayari inaelekea kwenye IP ya seva. Kwanza:

sudo apt install nginx php-fpm php-cli php-curl php-gd php-mbstring php-xml php-zip unzip

Usije ukaandika apt install php tupu bila php-fpm, inakuletea Apache juu yake, halafu Apache na Nginx, zote ni programu za kuwapelekea wageni kurasa za tovuti, wanagombania poti 80 na wewe unabaki unashangaa kwanini Nginx haiwaki. Baada ya hapo:

wget -O grav.zip https://getgrav.org/download/core/grav-admin/latest
unzip grav.zip
sudo mv grav-admin /var/www/tovuti
sudo chown -R www-data:www-data /var/www/tovuti

Hiyo laini ya mwisho ndo roho ya kazi yote na ndo inayotuletea wateja wengi. PHP kwenye Ubuntu inaendeshwa na mtumiaji anaitwa www-data, na Grav lazima iandike kwenye folda za cache, logs, images, tmp, backup na user, sasa kama mafaili ni ya root (mtumiaji mkuu wa seva) au ni ya jina ulilologini nalo, inagoma. Watu wakiona imegoma wanakimbilia chmod -R 777, na kweli inakubali, tatizo ni kwamba hapo umefunga duka ukaacha funguo zinaning'inia mlangoni, mtumiaji yeyote kwenye ile seva anaweza kuandika humo. Ukiona mtu anakuambia suluhisho ni 777, mshukuru halafu usifanye.

Kuna nyingine ya kimyakimya zaidi. Tovuti imekaa vizuri miezi, siku moja kijana anaingia kama root, anaapdeti plagini (kiongezo cha Grav), anatoka. Komandi imefanya kazi, ila mafaili mapya na ya kashe (nakala za muda) sasa ni ya root, ukifungua brauza unakutana na kosa, na hakuna anayekumbuka nani aligusa nini. Ndo maana komandi zote za Grav sisi tunazitanguliza na sudo -u www-data, hata zile ndogo za kufuta kashe. Na ikishatokea, rudia tu ile chown, inapona.

Kabla hujaiwasha tovuti hewani tengeneza akaunti ya admini. Hapa watu wanapapita tu. Grav mpya ukiifungua kwa mara ya kwanza kwenye /admin inakuuliza utengeneze mtumiaji, haimuulizi aliyefungua yeye ni nani, kwa hiyo akitangulia mpita njia yeye ndo anakuwa bosi wa tovuti yako. Ingia kwenye folda, maliza hapohapo:

cd /var/www/tovuti
sudo -u www-data bin/plugin login newuser

Sasa Nginx. Ndani ya Grav kuna folda inaitwa webserver-configs na humo kuna nginx.conf ya mfano, ikopi kwenda /etc/nginx/sites-available, badilisha root iwe /var/www/tovuti, server_name iwe domeni yako, halafu angalia ile laini ya fastcgi_pass maana namba ya PHP iliyoandikwa pale inaweza isiwe ya kwako. Kwa Ubuntu hii inatakiwa iwe unix:/run/php/php8.3-fpm.sock. Ukiiacha ilivyo utapata 502, yaani Nginx imeshindwa kuongea na PHP, na hiyo 502 watu wanaitafutia dawa siku nzima kumbe ni namba moja tu. Weka linki kwenye sites-enabled, chek na sudo nginx -t, ikisema poa fanya reload.

Tunasisitiza utumie ule mfano, usiandike wa kwako wa laini tano ulioutoa sehemu. Nginx haisomi .htaccess. Zile kinga zote ambazo Grav imeziandika kwenye .htaccess kwa ajili ya Apache, kwenye Nginx hazipo mpaka uziandike mwenyewe, na bila hizo mtu anaweza kufungua faili la akaunti yako kwenye brauza kama anavyofungua ukurasa wa kawaida. Paswedi humo imehifadhiwa kama hashi, haionekani wazi, lakini hakuna sababu ya kumpa mtu nafasi ya kukaa nayo aitafune taratibu. Jaribu mwenyewe: andika jinalako.co.tz/user/accounts/ malizia na jina lako la kulogini na .yaml. Ikileta 403 (umekatazwa) uko salama, ikileta maandishi, zima Nginx kwanza ndo urekebishe.

Walio kwenye hosti ya kushea yenye Apache wana shida ya upande wa pili. Ukurasa wa mbele unafunguka, kurasa nyingine zote 404 (haupatikani). Hapo karibu kila mara ni .htaccess haikupanda, kwa sababu jina lake linaanza na nukta, kwa hiyo linafichwa, na ukikopi kwa nyota unaliacha nyuma. Washa kuona mafaili yaliyofichwa, lipandishe, basi. Kama lipo na bado inagoma basi mod_rewrite haijawashwa au AllowOverride imezuiwa, hapo ongea na wenye hosti.

Https ni fasta, sudo apt install certbot python3-certbot-nginx kisha sudo certbot --nginx -d jinalako.co.tz. Cheti cha Let's Encrypt kinakaa siku 90 na certbot inakihuisha yenyewe, hulipii kitu. Anayekudai hela ya cheti kila mwaka kwa tovuti ya kurasa sita muulize vizuri analipia nini.

Ukishampa mteja tovuti yake, lalamiko la kwanza huwa ni picha. Anapiga na simu, anapandisha, inakataa. Kuna vizuizi viwili na lazima uguse vyote, Nginx kama ilivyo inapokea MB 1 tu, na PHP inaruhusu faili la MB 2, picha ya simu ya siku hizi inazidi zote mbili. Weka client_max_body_size 20m kwenye Nginx, upload_max_filesize na post_max_size kwenye /etc/php/8.3/fpm/php.ini, halafu urestati php8.3-fpm, wengi wanasahau hiyo ya mwisho. Lalamiko la pili ni mtu kafungua faili la YAML akapangilia kwa tab, YAML haitaki tab, inataka spesi.

Na jamani, kutokuwa na databesi hakumaanishi hakuna wadukuzi. Ni kweli mashambulizi ya SQL, yale ya kupenyeza amri kwenye databesi, hayakuhusu, ila mwaka 2021 liligundulika tundu kwenye plagini ya admini, toleo 1.10.7 kurudi nyuma, ambapo mtu asiye na akaunti yoyote angeweza kuandika kwenye mafaili ya mipangilio na mwisho akaendesha programu yake ndani ya seva. Toleo 1.10.8 ndo likaziba. Kwa hiyo apdeti zifanyike, sudo -u www-data bin/gpm selfupgrade kwa Grav yenyewe na bin/gpm update kwa plagini, na kabla ya hapo chukua bakapu ya folda ya user, usiiache kwenye seva ileile, ilete kwenye kompyuta yako.

Kazi zipo ambazo tunakataa kuziweka huku. Duka lenye bidhaa nyingi zinazoingia na kutoka, mfumo wa ada za wanafunzi, kitu chochote ambacho watu wengi wanaandika kwa wakati mmoja, hizo zinataka databesi na tutakuambia mapema. Kwa gesti, saluni, kanisa, ofisi ya wakili, kampuni ndogo ya utalii, hii inatosha na VPS ya GB 1 inaibeba bila kuhema. Ukija tuletee picha zako zikiwa kwenye ubora wake wa mwanzo, siyo zilizopita WhatsApp, maandishi ya kila ukurasa, na paswedi ya akaunti ya domeni, na hiyo akaunti hakikisha imesajiliwa kwa jina lako wewe mwenye biashara, siyo la fundi aliyekutengenezea tovuti ya kwanza.