Zuhura, njoo upange Ujiji

Ujiji, Kigoma

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi. Huku sote wazima. Nimefurahi mno kusikia umepangiwa kufundisha Kigoma. Wengi watakushauri upange mjini, karibu na stesheni na bandari. Mimi nasema njoo Ujiji. Daladala za mjini zipo tangu asubuhi na mapema, zinapitia Mwanga.

Watu wakisikia Ujiji wanamkumbuka Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, basi. Kumbukumbu yao ipo, nitakupeleka. Lakini mji uliwatangulia. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipita Tabora ikaishia hapa ziwani, na kutoka ng'ambo wakaja Wamanyema, Wabembe na Wagoma. Walikaa, wakaoana na Waha. Mwaka 1914 reli ilipofika, ilikwenda Kigoma kwenye bandari yenye kina, na biashara kubwa ikahamia huko. Watu wakabaki.

Nyumba ninayopanga, baba mwenye nyumba ni Mmanyema, mkewe Muha wa Kasulu. Chumba cha jirani yupo fundi cherehani mwenye asili ya Burundi, na chumba cha uani mama wa Kibembe anayeuza dagaa. Jioni kila mtu anawasha jiko lake la mkaa palepale uani. Huyu anasonga ugali wa muhogo, yule anaunga migebuka kwa mawese mpaka mchuzi unakuwa mwekundu, na mabakuli yanapishana milangoni. Siku nilipougua malaria sikuwasha jiko kabisa, na sikulala njaa.

Dagaa nunua mapema na uweke akiba. Wavuvi huwavuta kwa taa usiku, kwa hiyo mbaramwezi ikianza wanaadimika na bei inapanda.

Jambo moja linaniuma, nakuambia kwa sababu wewe ni mwalimu. Wapo watu hapa, wamezaliwa hapa wao na wazazi wao, lakini kila wakienda kutafuta karatasi fulani wanaulizwa uraia, kisa jina au lafudhi. Darasani utakutana na watoto wao. Tafadhali usiwaulize kwao ni wapi. Kwao ni Ujiji.

Kuna chumba mtaa wa pili kutoka kwangu, kina umeme, na bomba liko uani. Nimemwomba mwenye nyumba asimpe mtu kwanza. Nijulishe tarehe ya kuripoti, na kama unakuja kwa treni au basi, nije kukupokea.

Wako,
Asha