Shimo langu la samadi halikujaa, nikadhani nimebahatika

Ndugu Mhariri,

Nafuga ng'ombe sita wa maziwa hapa Kiomoni, jijini Tanga. Kwa miaka miwili nilikuwa na shimo la samadi lisilojaa. Kinyesi, mkojo, maji ya kuoshea banda, vyote vinaingia humo, na shimo lipo palepale. Nikawa najisifu kwa wafugaji wenzangu kwamba nimepata mahali pazuri pa kuchimba.

Kiangazi hiki nilikomba samadi yote nikaipeleka kwenye mabingobingo, majani ya kulishia ng'ombe. Niliposhuka shimoni ndipo nikaona ilikokuwa ikienda. Kwenye ukuta wa upande wa chini mwamba wa chokaa una tundu, ngumi yangu inapita. Tope la sakafuni lilikuwa limekauka na kupasuka. Ufa mmoja ulimeza kidole changu mpaka fundo la pili.

Watu wa huku hatuhitaji kuelezwa mwamba huu. Mapango ya Amboni tunakopeleka wageni yalitobolewa na maji ndani ya chokaa. Maji machafu yakishapata njia kama hiyo, hakuna mchanga wala udongo wa kuyachuja. Yanakwenda tu, hadi kisimani kwa mtu.

Wapo wanaosema samadi hujiziba yenyewe. Si uongo: chembe zake huingia kwenye vitundu vya udongo na mvujo hupungua sana, hasa penye mfinyanzi. Lakini sisi tukishakomba, jua hupasua sakafu, kisha masika huja kulijaza shimo lenye nyufa. Na tundu la ngumi, chembe zitaliziba vipi?

Harufu si hoja yangu hapa. Ninachohofia ni nitrati, inayotokana na naitrojeni ya mkojo na kinyesi ikishakutana na hewa udongoni. Haina rangi, harufu wala ladha. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita, na wanaofikiriwa zaidi ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya kopo: ikizidi, damu yao hushindwa kubeba oksijeni sawasawa. Kuchemsha, dawa yetu ya siku zote, hakusaidii hapa. Vijidudu vinakufa, nitrati inabaki, na maji yakipungua sufuriani ndiyo kwanza inakolea.

Ombi langu kwa halmashauri ni dogo. Afisa mifugo anapokuja kutazama banda, atazame na shimo kabla halijatiwa samadi. Visima vya jirani navyo vipimwe nitrati, si vijidudu peke yake.

Mimi nimeziba lile tundu kwa zege, nikashindilia mfinyanzi wenye unyevu tabaka kwa tabaka. Kisha nikajaza maji matupu, nikasimamisha kijiti chenye alama jioni na kukirudia alfajiri. Mara ya kwanza maji yalishuka shibiri nzima, nikarudia kushindilia. Sasa hayashuki hata upana wa ukucha.

Jirani yangu ana kisima hatua arobaini chini ya mteremko. Nilimwendea nikamweleza yote. Alinyamaza kidogo, akauliza, "Miaka yote miwili, ndugu yangu?" Gharama ya kupima maji yake nimeibeba mimi.

Mfugaji,
Kiomoni, Tanga