Shukrani kwa mama wa Firenze

Shikamoo, mama. Jina lako sikulipata, na Kiitaliano changu kiliishia kwenye "grazie". Mimi ndiye yule msichana mrefu wa timu ya kikapu ya chuo kutoka Marekani, niliyesahau begi jekundu kwenye benchi la kituo cha Santa Maria Novella. Uliliona treni ikikaribia kufunga milango. Ukakimbia nalo, kiatu kimoja kikachomoka, ukalisukumia mikononi mwa kocha, kisha ukarudi kukitafuta kiatu chako huku unacheka.

Ndani mlikuwa na jezi zote 13 (nilipewa mimi kuzitunza, sijui nani alinituma kukubali) pamoja na raba zangu. Ziara kama hii chuo kinaruhusiwa mara moja tu kila miaka 4. Hebu fikiria tungeingia uwanjani na fulana za mazoezi!

Jioni ile tulifungwa. Huko unatakiwa urushe ndani ya sekunde 24, sisi tumezoea 30, basi tukanyang'anywa mpira mara kadhaa tukiwa bado tunapasiana. Lakini tulicheza na jezi zetu. Asante sana, mama. Natumaini kiatu ulikipata kizima.