Wagombea wa hazina ya Florida wana historia, mtuandikie

Ndugu Mhariri,

Katika makala yenu kuhusu uchaguzi wa Florida wa Novemba 2026, mbio za ugavana zimeandikwa kwa kirefu, lakini nafasi ya Afisa Mkuu wa Fedha wa jimbo imepata mstari mmoja. Kwa sisi Waswahili tunaopiga kura huku hilo ni pengo kubwa. Nyumbani waziri wa fedha huteuliwa na Rais. Huku tunamchagua wenyewe, na wengi wetu tunaweka alama bila kumjua.

Cheo chenyewe si cha zamani. Wananchi walibadili katiba ya jimbo mwaka 1998, na kuanzia Januari 2003 kazi za mdhibiti wa fedha na za mweka hazina zikawa za mtu mmoja. Huyo ndiye anayelipa madeni ya jimbo, ndiye mkuu wa usalama wa moto, na idara yake ndiyo inayopokea malalamiko ya watu wanaozungushwa na kampuni za bima baada ya kimbunga. Tena inatunza fedha zilizosahauliwa na wenyewe: akaunti zilizolala, amana, mishahara ya mwisho ambayo haikuchukuliwa. Kutafuta jina lako ni bure na dai halina ukomo wa muda, kwa hiyo aliyewahi kuhama nyumba au kazi huku aangalie.

Chukueni mfano wa Alex Sink, aliyeshinda nafasi hiyo mwaka 2006. Alizaliwa Mount Airy, North Carolina, mwaka 1948, kitukuu wa Chang Bunker, mmoja wa wale mapacha walioungana wa Siam. Alisoma hisabati Chuo Kikuu cha Wake Forest, kisha, kabla ya kugusa kazi ya benki, akaja Afrika kufundisha hisabati katika shule za wasichana, Sierra Leone na Kongo. Baadaye akapanda ngazi hadi kuongoza shughuli za Bank of America jimboni Florida. Jirani zangu Wakongo wangeisoma habari hiyo kwa hamu.

Lakini wasifu hauishii kwenye vyeti. Mwaka 2007 ilibainika kwamba mfuko ambamo serikali za mitaa na wilaya za shule ziliweka akiba zao ulikuwa umenunua hati za madeni zilizofungamana na mikopo mibovu ya nyumba. Wenye fedha wakakimbilia kuzitoa. Mabilioni ya dola yakaondoka ndani ya wiki chache, na tarehe 29 Novemba utoaji ukasimamishwa. Baadhi ya wilaya za shule zikahangaika kupata mishahara ya walimu. Wadhamini wa bodi iliyosimamia mfuko ule walikuwa watatu: Gavana Charlie Crist, Mwanasheria Mkuu Bill McCollum, na Sink. Simtwishi mzigo wote. Hakuwa ametimiza hata mwaka ofisini. Ila mpiga kura alistahili kusoma yote, darasa la Kongo na mfuko uliofungwa, mwaka 2010 alipogombea ugavana na kushindwa na Rick Scott kwa tofauti ndogo.

Waliomfuata wametoka kwingine. Jeff Atwater alikuwa mwanabenki na rais wa Seneti ya jimbo. Jimmy Patronis ni wa familia yenye mgahawa Panama City Beach. Blaise Ingoglia, aliyeteuliwa na Gavana Ron DeSantis Julai 2025, alikuwa mjenzi wa nyumba na seneta. Sidharau kazi ya yeyote; anayelipa wafanyakazi wa mgahawa kila wiki anajua hesabu. Ninachotaka kujua ni fedha za watu wengine zilikwendaje zilipokuwa mikononi mwake.

Naomba mtuandikie habari za kila mgombea: amefanya kazi wapi, amesimamia nini, kilitokea nini chini yake, na nani wamemchangia kampeni, hasa kampuni za bima. Kura za mapema huanza Oktoba, na za posta kabla ya hapo. Tafadhali zitoke Septemba.

Msomaji wenu,
Tampa, Florida