Barua ya wazi kwa Afisa Utamaduni wa Jiji la Tanga: tutengewe chumba cha kusikiliza

Ndugu Afisa Utamaduni,

Baada ya salamu, nina ombi moja. Pale makumbusho ya Urithi, kwenye boma la zamani la Wajerumani, patengwe chumba cha watu kukaa na kusikiliza muziki wa Tanga.

Mgeni akisikia taarabu, akili yake inakwenda Unguja moja kwa moja. Simlaumu. Lakini Tanga iliipiga kwa namna yake. Wenzetu wa Unguja walipanga safu ya fidla, udi na kanuni (ile ala ya nyuzi), kwa mtindo wa Misri. Huku vikundi vyetu, Black Star, kisha Lucky Star, wakashika gitaa, besi na kinanda, wakatia mwendo wa rumba, na shairi likabaki linasikika neno kwa neno. Mwimbaji marehemu Shakila Saidi aling'ara humo kabla ya kwenda kikundi cha JKT Taarab. Wala si ajabu gitaa kuingia, maana mitaa hiyohiyo ilikuwa na bendi za dansi, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na mpiga gitaa haulizwi kama yuko dansini au kwenye taarabu.

Watakuwepo wa kukwambia kwamba muziki wetu wa asili ni ngoma za wenyeji tu: mdumange wa Wasambaa, sengenya ya Wadigo na zumari lake. Hizo ziwemo, tena mbele. (Na zisiishie kumsubiri mgeni rasmi juani kwa malipo ya soda.) Ila mkoa huu uliishi kwa mkonge, na mkonge ulileta manamba, vibarua wa mkataba, kutoka mbali, kila watu na ngoma zao kambini. Waja leo, waondoka leo, tunasema kwa utani. Wengi hawakuondoka, na wajukuu zao ni Watanga kama mimi. Chumba hicho kiwe chao pia.

Kinachonisukuma kuandika sasa ni kaseti. Majumbani kwetu Ngamiani, huku barabara za namba, zimekaa makabatini miaka na miaka kwenye joto na chumvi ya bahari. Utepe unanata, ukiuweka redioni unaliwa, unauvuta taratibu na kuurudisha kwa peni, na pale ulipokunjika sauti ya mwimbaji inazama. Kompyuta moja na kijana anayejua kuhamisha sauti vingetosha kuanzia. Kazi kubwa ni kuwakalisha wazee wataje nani alitunga, nani yuko kwenye gitaa, nani anaitikia. Haki za watunzi nazo ziangaliwe mapema na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, tusije tukagombana na warithi.

Ninazo kaseti kadhaa za marehemu baba. Ukisema mlango uko wazi, nitazileta mwenyewe, kwa sharti moja tu: mkimaliza kuzinakili, nirudishiwe.

Wako,
Mkazi wa Ngamiani